Jina la Mama Katika Karatasi za Chuo

Mwezi wa saba, matokeo ya kidato cha sita yakiisha kutangazwa na wazazi wa vijijini wakianza kuuza mbuzi na mikungu ya ndizi ili watoto wapate nauli na fedha ya kuchapisha makaratasi, steshenari za Ngara mjini hugeuka kuwa baraza la kadhi, ambako kila kijana husimama mbele ya kompyuta kujibu maswali juu ya nasaba yake ambayo maishani mwake hajapata kuulizwa na mtu mwenye uwezo wa kumnyima kitu. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la nje la duka mojawapo, nikingoja nakala zangu, wakati kijana mmoja aliyepata daraja la kwanza katika fizikia, kemia na baiolojia alipokuwa akijaziwa fomu ya kuomba cheti cha kuzaliwa ambacho wazazi wake hawakupata kumkatia alipokuwa mchanga. Jina la baba alilitaja upesi, na kijiji cha baba kadhalika. Alipoulizwa mama alizaliwa wapi, alinyamaza, akageuka kutazama barabara kana kwamba jibu litashuka na basi la Kahama, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Andika Rulenge." Mwenye kompyuta akaviacha vidole juu ya vitufe. "Rulenge, mdogo wangu, au Muyinga?" Kijana akajibu, "Kaka, wewe andika Rulenge."

Sikumkemea, wala sikuwa na uso wa kumkemea, kwa kuwa katika mwaka 1974, nilipokuwa darasa la saba katika shule moja ya kando ya mto Ruvubu, nami nilihudhuria uongo wa namna hiyohiyo juu ya mama yangu mzazi, nikiwa nimesimama mbele ya meza ya mwalimu, mikono nyuma, bila kusema neno. Habari hiyo nitairudia. Kwanza nataka kusema kwa nini uongo huu, ambao mtu wa Dodoma au wa Lindi yamkini ataushangaa, umekuwa kwetu mpakani, ambako Rulenge iko Tanzania na Muyinga iko Burundi, ni jambo la mazoea kama kuvaa koti la mvua, na kwa nini naona kuwa aibu yake si ya kijana anayeusema bali ni ya mlango unaomlazimisha kuusema.

Watu wa pwani wana msamiati mpana wa kumtaja aliyezaliwa na wazazi wa asili mbili: chotara, suriama, mahuluti, na siku hizi vijana wa mjini wamejitungia shombeshombe, na kila neno katika hayo lina harufu yake, moja la dharau, jingine la sifa, jingine la utani. Sisi wa Ngara hatuna hata moja. Mhangaza, mwenyeji wa Ngara, akioa mwanamke wa Muyinga au wa Cankuzo, ng'ambo ya mpaka, mtoto wao hatofautiani na mtoto wa jirani kwa rangi, wala kwa nywele, wala kwa chakula, na ulimi ndio kabisa, kwa maana Kihangaza na Kirundi ni ndugu wa karibu hata bibi wa huku na bibi wa kule husengenyana siku nzima bila kuhitaji mkalimani. Uchotara wa kwetu hauonekani usoni. Umo katika karatasi tu, nao huanza siku karatasi inapotakiwa.

Na tazama ajabu yake. Nenda Biharamulo, mji ule wenye boma la Wadachi juu ya kilima, au simama jioni moja kwenye njia panda ya Nyakanazi, pale ambapo malori ya Kahama, ya Kigoma na ya Rusumo hukutana, ukawahesabu watoto wa mchanganyiko: huyu baba yake Msukuma aliyehamia na ng'ombe, mama yake Msubi, yule baba ni Muha wa Kakonko, mama ni Mzinza, wa tatu ni mwana wa Mhaya aliyekuja kufundisha akapata mke hapohapo. Lugha za wazazi hao zimeachana mbali kuliko Kihangaza kilivyoachana na Kirundi, nao kwa desturi wametofautiana zaidi, na hakuna ofisi katika nchi hii itakayomwuliza mtoto wao swali moja la ziada. Lakini mwana wa Mhangaza na Mrundi, ambaye bibi zake wawili walikuwa wakichota maji katika mto mmoja, ndiye anayeambiwa alete ushahidi. Tofauti baina yao imewekwa na mstari, na mstari wenyewe haukuchorwa na babu wa mtu yeyote wa huku: Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji waliafikiana mwaka 1919 jinsi ya kuigawanya himaya ya Wadachi, Gisaka ikawekwa upande wa Waingereza kwa tamaa ya njia ya reli, kisha ikarudishwa Rwanda miaka michache baadaye, na Bugufi, yaani sehemu ya Ngara ya leo, ambayo watu wake walikuwa na jamaa wengi Urundi, ikabaki Tanganyika. Suala la Bugufi liliendelea kunong'onwa hata likafikishwa mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Laiti kalamu ya Orts ingeteleza kidogo, mimi ningekuwa nikiandika makala haya Bujumbura, kwa Kifaransa kibovu.

Haitoshi kusema habari za mstari bila kusema habari za waliouvuka. Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959 na miaka iliyofuata walipewa ardhi Muyenzi, hapahapa Ngara, na mwaka 1980 serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa uraia maelfu yao. Warundi walikuja mwaka 1972, na wakaja tena baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. Kisha, tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda, wakaketi Benaco, mahali palipokuwa na jina la kampuni ya ujenzi wa barabara na ambapo katika wiki chache pakawa mji mkubwa kuliko miji mingi ya Tanzania. Nani atashangaa kwamba watu wengi kiasi hicho, wakiishi miaka mingi kiasi hicho, walioa na kuolewa? Kambi ya wakimbizi ya Lukole ilipofungwa, mabanda yalibomolewa lakini ndoa hazikubomolewa. Halafu ukaja mwaka 2013 na Operesheni Kimbunga, ambayo katika Kagera, Kigoma na Geita iliwatoa makumi ya maelfu ya watu waliohesabiwa kuwa wahamiaji haramu, na ambayo wengi tulioishuhudia tunaikumbuka kwa jinsi mtu alivyopimwa kwa urefu wa pua na kwa namna anavyotamka herufi, hata mume akabaki huku na mke akavushwa, na mtoto wa miaka saba akakaa nyumbani kwa jirani akingoja watu wazima wamalize hesabu zao. Mtoto wa miaka saba wa mwaka ule leo ana umri wa kwenda chuo. Huyo ndiye aliyesimama steshenari.

Sasa, mlango wa chuo chenyewe uko wapi? Msomaji aweza kudhani kwamba mlango ni alama, na kwa chuo kama Muhimbili, ambako wanaotaka udaktari ni wengi na nafasi ni haba, alama kweli hupepeta watu bila huruma. Lakini kwa mtoto wa mkulima wa Ngara au wa Biharamulo alama ni kizingiti cha kwanza tu. Kizingiti cha pili ni ada, na ada kwake maana yake ni mkopo wa Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, ambao hupewa Mtanzania peke yake, kwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili. Mgeni anaweza kupokewa chuoni, tena kwa heshima, lakini aghalabu hutozwa ada kubwa kuliko ya mwenyeji, na mkopo haupati. Kwa hiyo shaka moja ndogo juu ya uraia haimfungii kijana mlango kwa kishindo. Humwachia mlango wazi na kumwekea bei ambayo baba yake hangeifikia hata angeuza shamba lote la kahawa pamoja na nyumba iliyomo. Hakuna barua ya kumkataa. Kuna "subiri uhakiki," na kuna tarehe ya mwisho ya maombi, na tarehe haingoji.

Watu wanaosema kwamba nasaba si kitu cha kuogopwa mlangoni pa shule, hao hawakukaa jirani na Rwanda na Burundi. Rwanda, Wabelgiji waliandika kabila la mtu katika kitambulisho tangu miaka ya 1930, na serikali ya uhuru ikakirithi kitambulisho hicho pamoja na wino wake. Mwezi wa Februari 1973 majina ya wanafunzi wa Kitutsi yalibandikwa kwenye kuta za shule na za chuo kikuu cha Butare ili wenye majina waondoke, na baada ya Habyarimana kutwaa madaraka mwezi Julai mwaka uleule ukajengwa utaratibu ulioitwa iringaniza, yaani usawazisho, wa kugawa nafasi za sekondari na za chuo kwa hesabu ya kabila na ya mkoa. Na aliyezaliwa na wazazi wawili tofauti? Alifuata kwa baba. Mama hakuwa na uzito katika mizani ile, hata kama ndiye aliyemlea peke yake. Burundi, mwaka 1972, elimu yenyewe ilikuwa shtaka: wanafunzi na walimu wa Kihutu walichukuliwa madarasani, na wengi hawakuonekana tena. Wajomba zangu wawili walifika kwetu mwaka ule usiku, mmoja akiwa bado amevaa sare ya chuo cha ualimu, kiatu kimoja mguuni. Sikuelewa wakati ule kwa nini mtu akimbie kwa sababu ya kujua kusoma. Nilielewa kwamba mama yangu, aliyekuwa akiimba akitwanga, aliacha kuimba.

Kwetu Tanganyika tulijitahidi kuifuata njia nyingine, na kwa insafu lazima isemwe kwamba tulifika mbali. Wakoloni walikuwa na shule za aina tatu, za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila moja na fedha yake na vitabu vyake, na chotara alihangaika baina ya milango hiyo akitegemea kama baba yake alimkiri au alimkana. Mwezi Oktoba 1961 Bunge lilipojadili uraia wa nchi iliyokuwa karibu kuzaliwa, na baadhi ya wabunge wakataka uraia uwe wa weusi tu, Nyerere aliinuka akawafananisha wenye rai hiyo na wafuasi wa Hitler, akaweka uwaziri mkuu wake rehani juu ya hoja kwamba uraia uwe wa utii kwa nchi na usiwe wa ngozi. Mwaka 1962 shule zikaunganishwa. Visiwani mambo yalikwenda kwa njia nyingine kwa muda, kwa maana baada ya Mapinduzi ya 1964 nafasi za sekondari ziligawiwa kwa hesabu ya asili ya mtu, na katika mji kama Unguja, ambako nyumba moja ina Mshirazi, Mwarabu, Mngazija na Mnyamwezi katika vizazi vitatu, mtu aweza kukisia ni babu wangapi waliofufuliwa na wangapi waliozikwa upya siku za uandikishaji.

Bara nako tulikuwa na mgao, lakini mgao wa mahali, usiokuwa wa damu, na tofauti hiyo ndiyo roho ya makala haya. Serikali iliona kwamba Kilimanjaro na Bukoba, zilizopata kahawa na misheni mapema (mapadre walikuwa Kashozi tangu 1892), zingezoa nafasi zote za kidato cha kwanza kama mtihani ungeachwa peke yake uamue, ikaweka hesabu ya kila mkoa. Wahaya na Wachaga walilalamika, na bado wapo wazee wa Bukoba watakaokusimulia kwa uchungu juu ya mtoto aliyefaulu akabaki nyumbani. Nami nakiri kwamba dawa ile ilikuwa chungu, lakini naona ugonjwa ulikuwa wa kweli. Kosa lake kwetu lilikuwa jingine: Ngara na Biharamulo zilikuwa ndani ya mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao baadaye ukaitwa Kagera, kwa hiyo tulihesabiwa kuwa sehemu ya mkoa ulioendelea, tukavikwa joho la Bukoba ilhali miguu yetu ilikuwa haina viatu. Tulikuwa chotara wa takwimu.

Mataifa makubwa nayo yamejikwaa papo hapo. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Brasília, katika nchi ya Brazili, kilikuwa kimewatengea weusi baadhi ya nafasi, na kamati ikawa inatazama picha za waombaji kuamua nani mweusi. Wakaomba ndugu wawili mapacha wa kufanana, mmoja akakubaliwa kuwa mweusi na mwenziwe akakataliwa, jambo ambalo hata kaptula zao za utotoni zingelicheka. Marekani, ambako tangu sensa ya mwaka 2000 mtu huruhusiwa kujiandika katika asili zaidi ya moja, vijana wenye damu mbili walikuwa wakijiuliza kabla ya kuomba Harvard ni upande upi utakaowasaidia na upi utakaowaumiza, mpaka tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipovizuia vyuo kuitumia asili ya mtu kuwa kigezo cha kumpokea. Wamarekani wangali wanabishana kama hukumu ile ilileta haki au iliifukuza. Mimi sichukui upande katika ugomvi wao, maana historia yao ya utumwa si yetu, ila naokota jambo moja: kila mahali ambapo mlango wa shule umeweka kiti kwa ajili ya damu, mwenye damu mbili ndiye aliyesimama.

Kwa sababu hiyo siungani na jamaa zangu wanaosema, kwa nia njema, kwamba watoto wa ndoa za mpakani watengewe nafasi zao kwa kuwa wameteseka. Hapana. Fadhila ya namna hiyo ingetufanya tuwe kabila jipya, na kesho yake lingeundwa baraza la kupima nani ni chotara halisi, na keshokutwa mapacha wa Brasília wangezaliwa hapa kwetu Kabanga.

Wala siwadharau maofisa wanaouliza. Kazi ya mtu wa uhamiaji mpakani ni ngumu kuliko wanavyodhani watu wa magazetini: fedha za mikopo si bahari, vyeti vya kughushi vipo, wapo walionunua uraia kwa bei ya mbuzi, na nchi isiyojua raia wake ni nani haiwezi hata kugawa chandarua. Ninachowataka ni kidogo, nacho tayari kimo katika sheria. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haikumtaka mtu awe na wazazi wawili Watanzania. Sheria ya zamani, ya mwaka 1961, ilipozungumza juu ya mtoto aliyezaliwa nje ilimtazama baba. Hii ya sasa imesema baba au mama. Neno "au" ni dogo, herufi mbili tu, lakini limechukua miaka zaidi ya thelathini kuingia katika kitabu, na inaonekana litachukua mingine thelathini kufika dirishani. Kijana mwenye baba Mhangaza aliyezaliwa Bugufi kabla ya uhuru hana sababu ya kumficha mama. Angeweza kuandika Muyinga kwa wino mwekundu na haki yake isipungue hata chembe. Anamficha kwa sababu ameona, au amesimuliwa, kwamba ofisa akiliona jina la mji wa ng'ambo huacha kusoma jina la baba. (Mwenye mama Mtanzania na baba mgeni hali yake ni nzito zaidi, kwani mwanamke wa kigeni aolewaye na Mtanzania ana njia ya kuomba uraia kwa ndoa, na mwanamume wa kigeni aoaye Mtanzania hana, kwa hiyo baba hubaki mgeni hata mvi zimwote, na mtoto hurithi lile jicho analotazamwa nalo baba.)

Basi fomu iulize kile tu ambacho sheria inahitaji kukijua, ikishapata mzazi mmoja iridhike. Daftari la shule ya msingi, ambalo mwalimu ameandika humo jina la mtoto kila asubuhi kwa miaka saba, lipewe heshima ya ushahidi, badala ya kumtuma kijana wa miaka kumi na tisa akatafute mzee atakayeapa kwamba alimwona akizaliwa, wakati wazee wa namna hiyo wote wamekwisha lala. Na uhakiki ukihitajika, uendelee mwanafunzi akiwa darasani. Ikidhihirika kwamba amedanganya atolewe na adaiwe. Lakini asiwe yeye anayelipa kwa mwaka mzima gharama ya shaka ambayo ofisi haijaimaliza.

Kama tunataka kupima unyonge wa mtu mlangoni pa chuo, na naamini tunapaswa kuupima, basi tupime mahali aliposomea. Wabrazili haohao, baada ya kisa cha mapacha, walitunga sheria mwaka 2012 iliyotenga nusu ya nafasi za vyuo vikuu vya serikali kuu kwa waliosoma sekondari katika shule za umma, kisha ndani ya nusu hiyo ndipo wakaangalia kipato na asili. Mpangilio huo una akili. Shule za kata zilizochipuka kwa wingi tangu mpango wa mwaka 2004 zimewafikisha watoto wa Ngara na Biharamulo kidato cha nne ambacho babu zao hawakukiota, lakini yule aliyejifunza kupima asidi kwa kuchorewa chupa ubaoni, maana chupa yenyewe haikuwapo, akipata alama ileile aliyoipata mwenziwe wa shule yenye maabara mbili, ni wazi kwamba hawakutembea mwendo mmoja. Hilo linapimika. Halihitaji kumfukua babu wa mtu. Na linamfaa mtoto wa Msukuma wa Nyakahura sawasawa na mtoto wa Mhangaza wa Kabanga mwenye mama wa Cankuzo.

Wakati mwingine mimi hupita Rusumo kutazama maporomoko, ambako siku hizi kuna mitambo ya umeme wa megawati 80, na nchi tatu, Burundi, Rwanda na Tanzania, hugawana umeme huo sawa kwa sawa. Maji yale yamechanganyika tangu Ruvubu ilipoingia katika Kagera. Sijasikia balbu ikiulizwa.

Nirudi mezani kwa mwalimu. Nafasi za kidato cha kwanza mwaka 1974 zilikuwa chache hata shule nzima ingeweza kumaliza mwaka bila mtoto mmoja kuchaguliwa, na mwalimu wetu, mtu mwema aliyetaka kijiji chake kipate japo mmoja, alikuwa akijaza taarifa zetu kwa mwandiko wake mwenyewe ili zisichafuke. Alipofika kwangu aliijua nyumba yetu na aliwajua wajomba. Aliinua kalamu, akanitazama juu ya miwani, akasema, "Mwanangu, mama yako tutamzaa upya." Akaandika jina la kijiji cha baba. Watoto walicheka, nami nikacheka nao, kwa kuwa ulikuwa mzaha mzuri na nilitaka sana kwenda shule.

Jioni nilipofika nyumbani mama alikuwa akimenya ndizi mlangoni, mkono mweusi kwa utomvu. Aliniuliza, "Wameandika nini juu yangu?" Swali hilo lilinishtua, maana sikumwambia kwamba siku hiyo watu wangeandikwa. Nilimjibu kwamba wameandika jina lake. Ni kweli, jina waliliandika. Akaendelea kumenya. Nilichaguliwa, nikasoma, nikawa mwalimu, nikajaza fomu za watoto wengi, na kwa miaka thelathini na kitu kila fomu iliyotaka mahali alipozaliwa mama niliirudia ileile ya mwalimu wangu, kwa sababu karatasi ya kwanza ikishasema jambo, za baadaye haziwezi kulikanusha bila kukutia hatarini. Alipofariki, cheti cha kifo kiliandikwa kwa kufuata vyeti vilivyotangulia. Mama yangu amekufa akiwa mzaliwa wa kijiji ambacho alikiona kwa mara ya kwanza siku ya harusi yake.

Pale steshenari, mwenye kompyuta hakubishana na mteja. Aliandika Rulenge, akachapa, akamkabidhi kijana karatasi ikiwa bado na joto ili aisome kabla ya kuweka sahihi. Kijana aliisoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata maneno, na kilipofika pale kilisimama. Nikamwuliza kama mama yake yu hai. Akaniambia, "Ndiyo, mzee, shikamoo, yuko nyumbani, ndiye aliyenipa nauli." Nikamwambia kwamba baba yake peke yake anatosha kwa sheria, nami niko tayari kwenda naye dirishani tukalisome neno "au" mbele ya ofisa, sisi wawili, na nikapoteza siku yangu. Alinitazama kwa adabu, kama vijana wanavyotutazama wazee tunaoahidi vitu, akaikunja karatasi mara mbili akaitia mfukoni bila kuiwekea sahihi, akauliza duka linafungwa saa ngapi.